Robo ya Nini? Kiswahili katika Hesabu za Mafumbo

Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia sarufi na fasihi. Safari hii naomba tuingie darasa la hesabu, maana huko nako sarufi ipo, na ndiyo inayoamua nani atapata na nani atakosa.

Tuchukue fumbo linalofaa darasa la Ngarama, katika eneo la makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako watoto wengi kutoka Kongo huzungumza Kiswahili nyumbani na kukutana na Kiingereza shuleni:

Mama alipokea kilo 24 za mahindi. Aliuza robo, kisha akampa jirani theluthi ya yaliyobaki. Amebakiwa na kilo ngapi?

Mwanafunzi hujumlisha robo na theluthi, akapata 7/12, yaani kilo 14, na kumwachia mama kilo 10. Kujumlisha kwake ni sahihi kabisa. Kosa liko katika kusoma. Robo ni ya mahindi yote: kilo 6, zikabaki 18. Theluthi ni ya zile 18, yaani kilo 6 nyingine. Mama amebakiwa na kilo 12. Kilo mbili zimepotea ndani ya neno moja, "yaliyobaki", na hasa katika kirejeshi "-yo-" ambacho msomaji mwenye haraka hukiruka.

Jambo hili haliishii darasani. Mwezi Aprili 2020 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipunguza posho ya wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 upungufu ukafikia asilimia 40. Asilimia 40 ya nini? Ya posho kamili. Aliyestahili kilo 10 alipata 7, kisha 6. Aliyedhani kwamba 40 inakatwa kwenye zile 7 alitegemea kilo 4.2. Na aliyesikia "hadi asilimia 40" badala ya "kwa asilimia 40" alitegemea 4. Posho zimebadilishwa tena tangu wakati huo, lakini "kwa" na "hadi" bado zinawachanganya watu, hata waliosoma sana.

Kiswahili kina mitego mingine midogo. "Kilo tatu na robo" ni 3¼, "robo tatu ya kilo" ni ¾, na "kilo tatu kasorobo" ni 2¾. Maneno ni yale yale karibu yote, mzigo ni tofauti. (Kasorobo, kwa maoni yangu, ndilo neno zuri kuliko yote: ni kutoa kuzima ndani ya neno moja, na watoto tayari wanalijua kwa sababu ya saa.)

Ninachowashauri walimu ni hiki. Kabla ya kugusa kalamu, mwanafunzi aseme kwa sauti kila sehemu ni ya kitu gani: "robo ya kilo 24", "theluthi ya kilo 18". Asiyeweza kutaja kizima asiruhusiwe kuanza kukokotoa. Mchoro wa mstari uliogawanywa husaidia pia, ila usitangulie maneno.

Zoezi: Mfanyabiashara wa Mbarara aliuza theluthi mbili za maharage yake asubuhi, na nusu ya yaliyobaki jioni. Amebakiwa na kilo 5. Alianza na ngapi? (Jibu: kilo 30. Aliyepata kilo nyingine asome tena "yaliyobaki".)