Mapaja ya mama si kiti: mlinde mtoto wako ndani ya gari

Umetoka Bariadi kwenda Lamadi kwa gari la shemeji. Mwanao wa miezi minane umempakata, umemkumbatia, unaona yuko salama. Lakini gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 9 hurushwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 20 au zaidi. Ni kama kudaka magunia mawili ya mahindi. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza.

Usimfunge pamoja nawe mkanda mmoja. Mwili wako utambana mtoto kwenye mkanda. Vilevile, mteremshe mgongoni kabla ya kupanda gari, usije ukamwegemea.

Kama gari lina kiti cha mtoto:

- Kifunge siti ya nyuma. Kikivutwa, kisicheze zaidi ya sentimita 2 au 3.
- Mtoto mdogo atazame nyuma ya gari, angalau hadi miaka miwili kama kiti kinaruhusu. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Hapo mgongo wa kiti ndio unaopokea kishindo.
- Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa.
- Mvue sweta zito, kaza mikanda hadi usiweze kuifinya kwa vidole, kisha mfunike kitenge kwa juu.
- Ukinunua cha mtumba, kague nyufa, mikanda na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kilichowahi kupata ajali usikichukue.

Mtoto mkubwa anahitaji kiti cha kumwinua hadi afikie urefu wa sentimita 135 hivi. Mkanda upite nyongani na begani, si tumboni wala shingoni.

Kama hakuna kiti, kwa mfano kwenye basi au Noah, kaeni siti za nyuma, si kando ya dereva. Anayeweza kukaa mwenyewe apate siti na mkanda wake. Kama ni lazima umpakate, jifunge wewe kwanza, kisha mshike nje ya mkanda. Huo si ulinzi kamili, kwa hiyo mwambie dereva apunguze mwendo. Usione haya.

Na bodaboda? Mtoto asikalishwe juu ya tangi mbele ya dereva. Kwa mtoto mchanga, ukiweza kupata gari, subiri gari.

Anza leo, hata kwa safari fupi ya kwenda kliniki.