Seva imewaka lakini mafaili hayapo? Usifomati kwanza

Umeme umekatika usiku, umerudi alfajiri. Kompyuta ya ofisi inayotunza mafaili inawaka, lakini folda ya kazi ni tupu, au mashine imegoma kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Kwa mnunuzi wa dhahabu Geita au mwenye duka la dawa Kahama, humo ndani mna mauzo, risiti na madeni ya watu. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo "zimepotea" si jibu la kumpa mtu wa TRA.

Habari njema ni kwamba mara nyingi data bado zipo.

Kwenye Linux, diski mbili au zaidi huunganishwa kuwa kundi moja (RAID) kwa programu ya mdadm. Kila diski inabeba alama ya kundi lake. Mashine ikiwaka, Linux inasoma alama hizo na kulikusanya kundi. Kinachokwama baada ya kuwasha huwa ni huko kukusanya.

Anza kwa kuangalia tu. Andika:

cat /proc/mdstat

Ukiona [U_], diski moja haipo ila kundi linafanya kazi. Kopi mafaili yako nje sasa hivi, usisubiri kesho. Ukiona "inactive", kundi halijaanza. Amri ya lsblk itakuonyesha kama diski zote zinaonekana. Kama moja haipo, zima mashine, chomoa umeme, kagua kebo. Kwa vumbi la huku kwetu, usishangae ikiwa ni kebo tu.

Diski zote zipo? Angalia jina. Kundi lililokuwa md0 linaweza kuamka likiitwa md127, na mashine ikabaki inatafuta md0 isiyokuwepo. Hii hutokea sana pale aliyeunda kundi hakuliandika kwenye mipangilio. Kwa Ubuntu na Debian, chukua majibu ya mdadm --detail --scan, yaweke kwenye /etc/mdadm/mdadm.conf, kisha endesha update-initramfs -u. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wanaisahau. Na kwenye /etc/fstab tumia UUID badala ya md0, halafu ongeza nofail ili mashine iwake hata kundi likikwama.

Kama bado ni "inactive", lisimamishe kwa mdadm --stop na jina lake, halafu mdadm --assemble --scan. Likikataa, endesha mdadm --examine kwa kila diski na ulinganishe namba ya Events. Zikipishana kidogo tu, umeme ulikatika katikati ya kuandika, na --assemble --force kwa kawaida inalirudisha kundi. Zikipishana mno, diski iliyobaki nyuma iache pembeni.

Amri ya kuogopa ni mdadm --create. Hiyo inaunda kundi jipya juu ya lile la zamani, na ukikosea mpangilio wa diski, mafaili yanaharibika kweli. Kwa hiyo ukimwita fundi, muulize kabla hajagusa kibodi anataka kuandika nini. Akitaja --create na bado hajaendesha --examine, mshike mkono.