Njia za Goma Zataka Watu wa Kuzihesabu

Ukisimama asubuhi huko Munigi, kando ya barabara itokayo Rutshuru kuingia Goma, utaisikia chukudu kabla hujaiona. Magurudumu yake ya mti yalia juu ya mawe meusi. Mwendeshaji amepiga goti moja juu ya ubao, na mguu wake mwingine u tayari kuizuia ikienda mbio mno. Amechukua magunia ya viazi, kabichi au makaa, yatokayo nchi ya juu ya Kibumba.

Chukudu haina injini wala hainywi petroli. Fundi huichonga kwa mti mgumu, akayavika magurudumu mpira wa matairi yaliyochakaa. Kwa chombo hicho mtu mmoja aweza kuteremsha mzigo wa kilo mamia kadhaa. Mjini Goma imesimamishwa sanamu ya mwendesha chukudu, ili watu wakumbuke jasho linaloulisha mji.

Sanamu ni heshima njema. Lakini iko heshima nyingine, nayo ni kuichunguza kazi ya mtu huyo. Ni chukudu ngapi zipitazo Munigi kwa siku moja? Zaanguka mahali gani zaidi, na kwa sababu gani? Mzigo wapandaje bei kutoka shambani hata sokoni? Wengi wetu tutajibu kwa kukisia, na kukisia si kujua.

Siku barabara ilipokatika

Labda utasema: hayo ni mambo ya wafanya biashara. La, ni mambo ya uhai na mauti.

Munigi iko kati ya mji na mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470. Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda usiotimiza saa moja. Tarehe 17 Januari 2002, ardhi ilipasuka mpaka karibu na Munigi yenyewe. Mawe yaliyoyeyuka, yaani lava, yakapita katikati ya mji hata Ziwa Kivu. Yalifunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mji ukagawanyika: wengi walikimbilia Gisenyi katika nchi ya Rwanda, wengine wakashika njia ya Sake.

Kisha, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava iliikata barabara ya Rutshuru, ikasimama ukingoni mwa Goma. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke. Watu wapatao 400,000 wakatoka kwa miguu, kwa pikipiki, kwa magari na kwa mashua. Akina mama walikuwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani, na njia ya Sake ikajaa tele.

Milango ya Goma si mingi: Rutshuru upande wa kaskazini, Sake upande wa magharibi, Gisenyi upande wa mashariki, na ziwa upande wa kusini. Wala si moto peke yake uwezao kuifunga. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, uwanja wa ndege nao ulifungwa.

Hesabu ya darasani

Haya, mwanafunzi, chukua chaki. Tuseme mahali pembamba pa barabara pawapitisha watu 60 kwa kila dakika. Kwa saa moja watapita 3,600. Basi watu 400,000 watahitaji saa 111, yaani zaidi ya siku nne usiku na mchana. Tukipapanua mahali pale wapite mara mbili, saa zitapungua kuwa 55 na kitu. Na ziwa la moto la mwaka 1977 halikungoja hata saa moja!

Hiyo 60 nimeiweka kwa mfano tu. Ile ya kweli haipatikani ubaoni, yapatikana barabarani, kwa mtu aliyesimama na saa na daftari. Huo ndio uitwao utafiti wa usafirishaji: kujua nani apita wapi, kwa muda gani, kwa gharama gani, na kwa hatari gani.

Mfano wa vijana wengine

Huko Marekani, wanafunzi wa vyuo vikuu vya majimbo ya kaskazini-magharibi wamekuwa na mkutano wa utafiti wa namna hii, nao huuandaa wenyewe. Kijana husimama mbele ya wenzake, akaeleza alichokipima. Wengine humwuliza, humsahihisha, nao hujifunza kwake. Mkutano ni wa kanda, si wa shule moja, kwa sababu barabara haikomi mlangoni pa shule.

Neno hilo latufaa sana. Mtu wa Goma hukimbilia Gisenyi. Viazi vya Rutshuru huliwa Goma. Mashua za Goma huenda Bukavu. Kama wanafunzi wa Goma, wa Bukavu, wa Butembo na wa upande wa Rwanda wangeketi pamoja, kila mmoja na daftari lake, wangeiona njia nzima, ambayo sasa kila mmoja aona kipande chake tu. Na wanaopanga barabara wangekuwa na hesabu ya kweli mkononi, kabla mlima haujanguruma tena.

Wala usingoje mpaka uingie chuo kikuu. Kijana wa sekondari aweza kuanza Jumamosi hii. Simama mahali pa salama, uhesabu kwa saa moja: chukudu ngapi, pikipiki ngapi, malori mangapi, watembea kwa miguu wangapi. Rudi siku ya soko, ulinganishe. Kisha mwendeshaji akipumzika, msalimu kwa adabu, umwulize ni wapi barabara humtesa. Kuuliza si ujinga, na yeye ndiye mwalimu wa mteremko ule. Andika jibu lake. Huenda siku moja ukurasa huo ukamwokoa yeye, nawe pamoja naye.