Majani ya machimbo yanafunga mlango wao

Bandugu wachimbaji, na bamama wenye kufagia vumbi la remblai kila asubuhi, kuko majani ya Ulaya yanayotuhusu. Wachunguzi wanayaita Anthoxanthum odoratum. Ng'ombe wanayakula, na yakikauka yananukia vizuri.

Majani hayo yanaota mu malisho, lakini yanaota pia juu ya mabaki ya machimbo ya Trelogan, kaskazini ya Wales, mu Uingereza, kwenye walikuwa wanatoa zinki na risasi. Udongo ule ni sumu. Mbegu ya malisho ikianguka pale, mizizi hairefuki, mche unakufa. Chache sana kati ya maelfu zinavumilia, na hizo ndizo zilizaa majani ya pale.

Sasa tuangalie ua lake. Ni dogo, halina rangi ya kuita nyuki, juu upepo ndio unabeba unga wake. Kwanza nyuzi za kike zinatoka nje, zinangojea unga wa jirani. Nyuma ndipo zinatoka nyuzi mbili za kiume. Kwa kawaida ua halipendi unga wake lenyewe.

Hapo shida inaanza. Malisho yako hatua chache tu kutoka kwenye mabaki, na upepo hauchagui. Mtoto mwenye mama wa machimbo na baba wa malisho anaweza kukosa nguvu ya kutosha mbele ya sumu.

Mu mwaka 1968, Janis Antonovics na Thomas McNeilly walitangaza mambo waliyoona. Majani ya machimbo yanatoa maua mbele ya yale ya malisho, karibu juma moja. Tena Antonovics aliona kama yanaweza kujizalisha yenyewe kupita majirani wao. Hakuna mtu aliyeyafundisha. Mmea wenye kupokea unga wa malisho kidogo uliacha watoto wengi wazima, na watoto walirithi tabia ile. Ni namna ya kufunga mlango.

Lakini kila kitu na bei yake. Kujizalisha kunaweza kuleta watoto zaifu, na majani ya machimbo yakipandwa mu udongo muzuri, majirani wanayashinda. Nguvu yao iko pale penye sumu.

Juu ya nini ninaandika haya mu ukurasa wetu? Juu kazi ya Tony Bradshaw na wenzake ilizaa mbegu za kufunika mabaki. Moja inaitwa Parys, ilitoka ku majani ya kilima cha mukuba mu Wales. Udongo ukifunikwa, vumbi haliruki mingi, na mvua haisukumi sumu mpaka mu mtoni.

Vilima vyetu vya Katanga vina pia mimea yao yenye kuzoea mukuba. Mu Lubumbashi, kule Penga Penga, watafiti wa Université walijaribu kuotesha majani mu udongo wenye sumu, pamoja na chokaa. Kwa hiyo wajumbe wetu wakikaa mezani kuzungumzia kufunga mine, waulize: mbegu za kufunika remblai zitatoka wapi? Mbegu ya kununua sokoni inaweza kufa mu msimu mmoja. Mbegu ya kilima chenyewe imekwisha kupita mtihani. Lakini inapaswa kuokotwa mbele mashine haijakula kilima. Nyuma ya pale, hatutakuwa na kitu cha kupanda, na vumbi litabaki mu vifua vya watoto wetu.