Kitabu Kiko, Kipo au Kimo?

Kiswahili kina njia tatu za kulijibu swali la mahali kilipo kitu. Ukipajua mahali penyewe hasa, utasema kitabu kipo. Ukiwa na fununu tu kwamba kiko upande fulani, utasema kiko. Na kikiwa ndani ya kitu kingine, utasema kimo. Walimu wa lugha huyaeleza haya ubaoni, wanafunzi wakayanakili madaftarini mwao, kisha wakarejea katika nyumba ambamo jibu ni moja tu kwa kila kitu: "Iko tu hapo!" Wengi wetu husikitika kwa kuwa upatanisho wa kisarufi umevunjwa. Mimi leo nasikitika kwa sababu nyingine. Nahofu kwamba jibu hilo linasema kweli kuhusu nyumba zetu. Vitu vya watoto wetu havina po wala mo. Vina ko tupu.

Tuutazame mji wa Kitengela. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 iliwakuta 1,117,840. Wageni wengi wamemiminika Kitengela, Ngong na Ongata Rongai wakikimbia kodi ya nyumba ya Nairobi, na wengine wakifuata ajira katika viwanda vya Athi River. Aghalabu familia nzima huishi katika chumba kimoja au viwili. Humo mna kitanda, jiko, kabati ya vyombo na safu ya madumu, maana maji ya mfereji hayaaminiki. Kila kitu cha mtu mzima kina makao. Vya mtoto hutangatanga: leo uvunguni, kesho juu ya kabati, keshokutwa chini ya rundo la nguo. Alfajiri, kiatu kimoja hakionekani. Mzazi anafoka, mtoto analia, na akifika shuleni anaulizwa sababu ya kuchelewa.

Ajabu ni kwamba mtoto huyohuyo akipelekwa shule ya bweni, jambo la kwanza ni kumnunulia sanduku la bati, likatiwa kufuli, na jina lake likaandikwa kwa rangi juu ya kifuniko. Anapata mahali pake ugenini kabla ya kuwa na mahali pake kwao!

Nitaambiwa kwamba nyumba ni ndogo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Ukitoka Kitengela ukapita Isinya hadi Kajiado, na kutoka hapo ukaingia katika boma la Kimaasai lenye nyumba za jadi, utaikuta nyumba iliyojengwa na mama kwa fito, udongo na samadi, yenye dari ya chini hata mtu mrefu huinama. Hata hivyo, jiko lina mahali pake, vitanda vya ngozi vina mahali pake, vibuyu vya maziwa vina mahali pake, na hata ndama wachanga wametengewa sehemu ndani ya nyumba. Waswahili wa pwani nao, katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, waliupamba ukuta kwa vidaka, au zidaka kwa Kiamu, na kila kimoja kikawa makao ya chombo chake. Kwa hivyo, mpangilio hautokani na ukubwa wa nyumba. Unatokana na kukubali kwamba kitu fulani kinastahili mahali. Kama ndama hupewa mahali, kitabu cha mtoto kimekosa nini?

Si jambo dogo. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, na mwanafunzi anayekipeleka nyumbani anabeba amana. Kikipotea, mara nyingi mzazi ndiye hutakiwa kukilipa. Isitoshe, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, humtaka mtoto akusanye maboksi, vifuniko vya chupa na mbegu kwa kazi za vitendo. Jioni mama anafagia, anaona takataka, anatupa. Kwa mtoto, hiyo ilikuwa kazi ya juma zima. Hapo hapotei kifuniko pekee. Mtoto anajifunza kwamba chake si mali.

Tufanyeje, basi? Mwenye nyumba akikataza misumari ukutani, kasha la mbao lililosimamishwa wima linatosha kuwa rafu. Iwe kimo cha mtoto, si cha baba, ili asihitaji kuomba ateremshiwe. Vitabu vya shule vitengwe na vya nyumbani. Ndoo kuukuu ya rangi, iliyooshwa vyema, ipokee vifaa vya kazi za vitendo, na ijulikane kuwa haiguswi bila idhini. Sare na viatu viwekwe pamoja jioni. Ikiwa watoto ni watatu, kila mmoja awe na sehemu yake, hata iwe ya upana wa shubiri mbili, maana cha wote hakina mtunzaji.

Walimu nao, wanapofundisha viambishi vya mahali, wawatume wanafunzi nyumbani wakaandike vitu vyao kumi na mahali vilipo. Atakayeshindwa asiadhibiwe, orodha yake imetueleza hali ya nyumba, wala si uvivu wake. Nanyi wanafunzi, mkipewa mahali, patunzeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe pia lahitaji mahali pa kukaa.

Siku mtoto wa Kitengela atakapoulizwa kitabu chake, akajibu bila kusita, "Kimo kashani mwangu," mwalimu atafurahia upatanisho sahihi. Mzazi na alisikilize zaidi lile neno la mwisho.