Nyonga Mpya: Kwa Nini Mama Haachwi Tena Kitandani

Tunapowatembelea wazee wa kanisa majumbani, maneno haya tunayasikia mara kwa mara: "Ni uzee tu, mwanangu." Mama anachechemea. Akiinuka kwenye kigoda anashika kiuno, na usiku hawezi kugeuka bila kuamshwa na maumivu. Watu wa nyumbani wamekwisha kubali kwamba safari zake za shambani na za ibada zimekoma. Wengine wameshaambiwa na daktari kwamba nyonga imelika na inaweza kubadilishwa, lakini wanaogopa. Wamesikia habari za mtu aliyelazwa mwezi mzima baada ya kupasuliwa, akatoka na vidonda mgongoni, au hakutoka kabisa.

Habari hizo za zamani si uongo. Lakini mambo yamebadilika sana, na mwezi huu tumeona vema tueleze yalivyobadilika. Chuma na plastiki vimeboreshwa, ni kweli. Hata hivyo, badiliko linalotuhusu zaidi sisi tunaouguza wenzetu ni lile la kitanda.

NYONGA HULIKA VIPI?

Nyonga ni mahali paja linapoungana na kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira mdogo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilichomo kwenye mfupa wa kiuno. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye utelezi. Gegedu likilika kwa umri au kwa baridi yabisi, mfupa husuguana na mfupa. Vijana nao huathirika. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli, huweza kuzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kikafa na kubonyea.

KUTOKA PEMBE ZA NDOVU HADI PLASTIKI

Watu wamejaribu kwa zaidi ya miaka mia moja kutengeneza nyonga ya bandia. Karibu na mwaka 1890, Themistocles Gluck wa Berlin alitengeneza viungo kwa pembe za ndovu. Mwaka 1923, Marius Smith-Petersen wa Boston, Marekani, alifunika kichwa cha mfupa kwa kikombe cha kioo. Kioo kilivunjika, naye baadaye akatumia madini.

Aliyefungua njia tunayoifuata mpaka leo ni John Charnley, daktari wa mifupa katika Hospitali ya Wrightington, Uingereza, ambayo hapo awali ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Inasimuliwa kwamba alikutana na mgonjwa aliyewekewa nyonga ya plastiki iliyolia kama bawaba kavu ya mlango. Ililia mno hata mke wake akashindwa kukaa naye chumba kimoja. Charnley akatambua kwamba tatizo ni msuguano, na kwamba kiungo cha bandia chahitaji utelezi wa namna yake.

Kuanzia mwaka 1958 alitumia vikombe vya Teflon, kitu kile kile kinachopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Wagonjwa karibu 300 waliwekewa, wakatembea bila maumivu, wakafurahi. Baada ya miaka michache Teflon ikalika, unga wake ukadhuru nyama na mifupa, na ikambidi daktari yule yule awapasue tena watu waliokuwa wakimshukuru.

Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, alipata plastiki nyingine ngumu iliyotumika katika mitambo ya kufumia nguo. Charnley hakuipa uzito mwanzoni, lakini fundi aliijaribu kwenye mashine na kuona kwamba hailiki upesi. Safari hii daktari hakutaka kurudia yaliyotokea. Alijipandikizia vipande vya plastiki hiyo na vya Teflon katika paja lake mwenyewe ili aone mwili utafanya nini. Novemba 1962 alianza kutumia kikombe kipya, pamoja na kichwa kidogo cha chuma chenye upana wa milimita 22, vikishikizwa kwa saruji inayofanana na ile ya mafundi wa meno. Alitengeneza pia chumba maalumu cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa. Maambukizi ambayo mwanzoni yaliwapata zaidi ya wagonjwa 5 katika kila 100 yakashuka hadi chini ya mmoja.

WIKI TATU KITANDANI

Tuje sasa kwenye kitanda. Katika miaka ya 1960 mgonjwa wa nyonga alilala chali kwa muda wa wiki tatu hivi, mto mkubwa ukiwa umetenganisha miguu yake. Haukuwa ukatili. Wakati wa upasuaji daktari alikata kipande cha mfupa juu ya paja na kukirudishia kwa waya, na mfupa ule ulihitaji muda wa kuunga. Tena kila mtu aliamini kwamba aliyepasuliwa lazima apumzishwe.

Wauguzi waliotutangulia walifanya kazi kubwa: kumgeuza, kumsugua mgongo, kumlisha, kumwekea bedpani. Pamoja na jitihada hizo, wengine walipatwa na vidonda vya kulalia, wengine kichomi, na wengine damu iliganda katika mishipa ya mguu, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua ghafla. Misuli nayo ilinyauka. Mgonjwa alipata nyonga mpya, lakini alibaki na mwili uliosahau kutembea.

Muda huo ulipungua kidogo kidogo. Sisi tuliosomea uuguzi mwishoni mwa miaka ya 1990 tulifundishwa kumsimamisha mgonjwa siku ya kwanza au ya pili, na kumruhusu kwenda nyumbani baada ya wiki moja au zaidi. Katika miaka hiyo hiyo Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, aliuliza swali jepesi: ni nini hasa kinachomzuia mgonjwa asiende nyumbani leo? Majibu yalikuwa maumivu, kichefuchefu, udhaifu, hofu, na desturi tu za wodi. Kila moja likatafutiwa dawa yake.

Leo wagonjwa wengi huchomwa ganzi ya mgongoni badala ya kulazwa kwa nusukaputi. Hupewa dawa ya kupunguza kutoka damu, dawa za aina mbalimbali za maumivu, na dawa ya kuzuia damu kuganda. Hufundishwa mazoezi kabla ya kupasuliwa. Kisha husimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake, akishika fremu ya kutembelea. Ulaya na Marekani wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja hadi tatu, na baadhi hurudi siku ile ile.

KILA KIPYA SI BORA

Isidhaniwe kwamba safari nzima ilikuwa ya ushindi. Miaka ya 2000 zilienea nyonga za chuma kwa chuma, zikisifiwa kuwa zitawafaa vijana. Baadhi zilimwaga chembe za chuma mwilini na kuharibu nyama, na mwaka 2010 aina moja iliyotumiwa sana iliondolewa sokoni duniani kote. Zilizosaidia kulitambua tatizo ni rejesta za wagonjwa. Sweden ilianza yake mwaka 1979, Australia mwaka 1999, na majirani zetu wa Malawi mwaka 2005. Kwa rejesta za namna hiyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyonga kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Basi mwulize daktari atakuwekea aina gani, na imetumika muda gani.

Hapa kwetu upasuaji huu hufanyika, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa MOI jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Gharama yake si ndogo, maana viungo vyenyewe hununuliwa nje. Ulizeni mapema kuhusu bima.

MAMA AKIRUDI NYUMBANI

Hapa ndipo upendo wetu unapoweza kudhuru. Binti anamwambia mama, "Lala, tutakuletea kila kitu." Majirani wanakuja kumpa pole na kumsihi asijichoshe. Yote ni mapenzi, lakini yanamrudisha katika zile wiki tatu za zamani. Tunashauri hivi:

1. Mama atembee kila siku, mara nyingi na kidogo kidogo, kwa fremu au magongo, kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi. Maumivu ya wastani si dalili kwamba nyonga inaharibika. Mpeni dawa kwa wakati.

2. Mtafutieni kiti kirefu chenye mikono. Kwa majuma ya kwanza asikae kwenye kigoda, mkeka wala mbuzi ya kukunia nazi, kwa maana goti likipanda juu ya nyonga, kiungo chaweza kuchomoka. Asikunje nne.

3. Choo cha kuchuchumaa ni hatari. Seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu yake. Fanyeni hivyo kabla hajapasuliwa.

4. Kupiga magoti kanisani kusubiri ruhusa ya daktari. Maombi ya aliyeketi yanasikiwa.

5. Mrudisheni hospitali upesi ikiwa ndama ya mguu imevimba na kuuma, kidonda kinatoa usaha, ana homa, au mguu umekuwa mfupi ghafla. Akishindwa kupumua au kifua kikimbana, msingoje asubuhi.

Na mzee akianguka nyumbani, akashindwa kusimama na mguu ukapindukia nje, msimkande wala msimfungie ndani mkisubiri apate nafuu. Huenda shingo ya paja imevunjika. Apelekwe hospitali siku ile ile, kwa sababu kila siku anayolala bila matibabu inamwongezea hatari.

Katika Marko sura ya 1 tunasoma habari za mama mkwe wa Simoni, aliyekuwa amelala kwa homa. Bwana alimpa mkono, naye akainuka akarudi katika shughuli zake. Huo ulikuwa muujiza, wala hatuusomi kama kitabu cha utabibu. Lakini akina mama, mkono ule wa kuinulia tunaweza kuutoa hata sisi. Unapokwenda kumtembelea aliyepasuliwa nyonga, mpelekee uji na maombi, kisha usiondoke kabla hujamsindikiza mwendo wa hadi mlangoni na kurudi.