Siri ya dukati, dhahabu ya Venice iliyoaminiwa karne tano

MFANYABIASHARA wa Alexandria aliyepokea sarafu ya kigeni katika karne ya 15 hakujali sana sura ya mtawala iliyochorwa juu yake. Alitaka kujua mambo mawili tu: uzani wake na usafi wa dhahabu yake.

Kwa karne nyingi, Ulaya Magharibi ilitegemea sarafu ndogo za madini ya fedha. Watawala walipoishiwa, walizichanganya na shaba, nao walaghai walikwangua kingo zake.

Mnamo 1252, miji ya Florence na Genoa ilianza kutoa sarafu za dhahabu. Venice ilifuata mwaka wa 1284 kwa sarafu iliyokuja kujulikana kama dukati, yenye gramu 3.5 hivi za dhahabu iliyo karibu safi kabisa. Sehemu ya dhahabu iliyotumiwa Ulaya zama hizo ilitoka Afrika Magharibi, ikivushwa jangwa la Sahara kwa misafara ya ngamia.

Wafanyabiashara wa Venice walihitaji pilipili manga na viungo vingine vilivyofika Misri kutoka Bahari ya Hindi. Dukati ikawa malipo yasiyokataliwa. Iliaminika kiasi kwamba mnamo 1425 Sultani Barsbay wa Misri alitoa sarafu yake, ashrafi, yenye uzani unaokaribia ule wa dukati, ingawa ilikuwa na maandishi ya Kiarabu pekee.

Hata hivyo, uaminifu huo haukumfikia kila mtu. Serikali ya Venice ililinda dhahabu ya wafanyabiashara wakubwa, lakini ilizidi kupunguza madini katika sarafu ndogo zilizotumiwa na wananchi wa kawaida. Mwaka wa 1328 dukati moja ilibadilishwa kwa soldi 64. Katika karne ya 15 kiwango kilifika soldi 124. Kibarua aliyelipwa kwa soldi aliona ujira wake ukiyeyuka, ilhali tajiri mwenye dukati sandukuni hakupoteza chochote.

Dukati iliendelea kutengenezwa, uzani wake ukibaki karibu vilevile, hadi Napoleon alipoiangusha Jamhuri ya Venice mwaka wa 1797. Kilichoidumisha si mng'ao wake, bali ahadi iliyotimizwa kwa zaidi ya miaka 500. Ahadi ambayo wanyonge wa Venice hawakupewa.